Kwato za Sajini

Asubuhi hiyo Sajini hakunijia mlangoni. Nilimkuta amesimama katikati ya banda, miguu ya mbele ameinyoosha mbele yake na uzito wote ameurudisha kwenye makalio, kama mtu anayevutwa kwa kamba kwenda asikotaka. Ukungu ulikuwa haujainuka kwenye mashamba ya chai. Nilimwita mara mbili. Masikio yakageuka, kichwa kikafuata, miguu ikabaki palepale.

"Ni baridi tu," nikamwambia, nami nilijua si baridi. Nimeishi na mgonjwa miaka sita. Najua mwili unavyosimama unapokataa kuguswa.

Sajini ni farasi, na farasi huku Manyatta ni kichekesho. Sisi wa mteremko huu wa mlima tunafuga ng'ombe wa maziwa, mmoja au wawili, ndani ya banda la saruji, na majani tunawakatia na kuwaletea. Marehemu mume wangu, Ndambiri, ndiye aliyemleta kwa lori kutoka Nairobi, baada ya mnyama huyo kuzeekea kwenye mashindano ya mbio na wenyewe kumchoka. Siku za sikukuu alimpeleka mjini Embu kubeba watoto. Kwenye harusi alimbeba bwana harusi apigwe picha. Krismasi moja walifika hadi Laare, kwa wakulima wa miraa. Watoto wakapanga foleni tangu asubuhi, na Ndambiri akarudi sauti imemkauka, anacheka peke yake jikoni. Jirani yetu Runji hakuchoka kututania. Kila aliponipita na kopo lake la maziwa aliuliza, "Mama Mukami, huyo ng'ombe wako wa mbio leo ametoa lita ngapi?"

Ndambiri alipofariki, farasi alibaki nami. Sikujua kufuga farasi. Nilijua kufuga ng'ombe, basi nikamfuga kama ng'ombe. Nikamwingiza kwenye banda la saruji, nikamkatia majani ya nepia, nikamfungia mlango. Hakukuwa tena na mtu wa kumtoa nje.

Nilimpigia simu Daktari Carol, anayetibu mifugo ya kata yetu. Ni msichana mdogo kuliko binti yangu Mukami, anaendesha pikipiki kubwa kumshinda. Alifika, akavaa buti zake za mpira, akasimama kwanza akimtazama Sajini bila kumgusa.

"Mama Mukami, nikwambie ukweli," akasema. "Mimi huku naitwa kupandisha ng'ombe kwa sindano na kutoa ndama waliokwama. Farasi nilimsoma chuoni, na mwalimu mwenyewe alikuwa na picha tu."

Lakini alipiga magoti kwenye samadi bila kuionea kinyaa, akaweka kiganja juu ya ukwato, kisha akauchukua mkono wangu na kuviweka vidole vyangu nyuma ya kifundo cha mguu.

"Unasikia?"

Nilisikia. Mshipa ulikuwa ukipiga kwa nguvu chini ya ngozi, mpigo juu ya mpigo.

"Kwa farasi mzima hapo unatafuta mpigo mpaka unachoka," akasema. "Huu unagonga wenyewe. Kuna mzee huko Timau, anaitwa Kiogora. Amechonga kwato kwenye mashamba ya farasi miaka thelathini. Nitamwita. Nitamponya, nakuahidi."

Kiogora alikuja kesho yake, amefunga kiunoni ngozi iliyochakaa na kubeba sanduku la mbao lenye matupa, visu na makoleo. Runji naye alikuja, kwa kuwa hakutaka kusimuliwa. Mzee aliutia mguu wa Sajini katikati ya magoti yake kama fundi viatu anavyokibana kiatu. Akang'oa kiatu cha chuma kilichokuwa kimeliwa na kutu, akaanza kuuminya ukwato kwa koleo refu, hatua kwa hatua, kutoka kisiginoni kwenda mbele. Alipofika kwenye ncha, Sajini alitoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake. Ulitoka chini sana, kama wa mtu mzima anayejizuia.

"Pole, mzee mwenzangu," Kiogora akamwambia farasi. Kisha, bila kuinua kichwa: "Anakula nini huyu?"

"Hata mimi nilitaka kuuliza," Daktari Carol akasema. "Farasi si ng'ombe, mama. Ukimpa vitu vitamu, molasi, ule unga wa ng'ombe wa maziwa, damu yake inaharibika, na nyama inayoushikilia mfupa ndani ya ukwato inaanza kuachia. Kuna kitu kama hicho anapewa?"

Runji alikuwa ameegemea nguzo, anatafuna bua la nepia, anangoja jibu langu kama wengine.

"Hapana," nikasema. "Nepia na maji."

Hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Mimi ndiye ninayetunza funguo za kanisa letu. Neno langu halikaguliwi.

"Basi ni usaha," Kiogora akaamua. Akachimba kwa kisu kwenye wayo, akachimba tena, hakikutoka kitu ila unyevu mweusi. "Umejificha ndani. Mloweke kwa maji moto na chumvi, kisha umtembeze. Asubuhi na jioni, hapo barabarani kwenye changarawe. Atalia, lakini akikanyaga ndipo usaha utatafuta njia."

Daktari Carol naye akasema atembezwe, nami nikaitikia. Nilikuwa nimeshashuka ngazi ya kwanza ya uongo, na ya pili haikuniumiza magoti.

*

Sasa niseme habari za molasi.

Ndambiri aliumwa kisukari. Kwa miaka sita nilimpimia ugali kwa sahani moja, nikamfichia sukari kwenye sanduku la nguo, nikaonja chai yake kabla hajainywa ili mgeni asije akamwonea huruma na kumtilia sukari. Kidole cha mguu kilikatwa, kisha mguu hadi chini ya goti, na bado nilipima. "Nelius," alikuwa akiniambia, "kikombe kimoja hakiui mtu." Nami nikasema hapana. Nilisema hapana kwa upole, nikasema kwa ukali, nikasema kwa kutikisa kichwa tu nilipokuwa nimechoka kusema. Jioni yake ya mwisho aliomba kijiko kimoja cha sukari kwenye uji. Nikamwambia, "Kesho, sukari ya damu ikishuka." Alifariki asubuhi, uji ukiwa bado kwenye kikombe umeganda juu. Kwenye mazishi mchungaji alisimama akasema, kama kuna mke aliyemlinda mumewe, ni huyu. Wanawake wakaitikia amina. Niliinamisha uso, wakadhani ni unyenyekevu.

Mwezi mmoja baadaye Sajini aliacha kula. Alikuwa akitazama njia tu. Kwenye stoo kulikuwa na pipa la molasi, mabaki ya enzi za ng'ombe wetu. Nikachovya kidole, nikampelekea mdomoni. Alikilamba kidole, akalamba kiganja, akalamba mkono hadi kwenye kiwiko, kisha akanipumulia shingoni. Nilisimama bandani nikalia kilio ambacho sikukilia kaburini. Hapa palikuwa na kiumbe mmoja niliyeweza kumwambia ndiyo.

Tangu siku hiyo nilimpa vikombe viwili kila asubuhi, nimevichanganya na unga wa ng'ombe wa maziwa niliokuwa nikiununua dukani. Hakuna aliyejua. Mwenye duka alidhani nimenunua ng'ombe mwingine. Ulikuwa wakati wangu mzuri pekee katika siku nzima, na ulikuwa umekwisha kabla jua halijafika kwenye paa.

Ningemwambiaje daktari? Angeuliza kwa nini, na Runji yuko pale na bua lake.

Kwa wiki mbili nilimtembeza. Alikuwa akitoka bandani kama anayekanyaga misumari, anainua mguu huu, anautua, anashusha pumzi, anainua mwingine. Watoto wa shule walisimama kando ya barabara wakanyamaza. Mimi nilivuta kamba mbele nikisali, lakini nilisali nikilizunguka jambo lile kama mtu anayezunguka dimbwi. Niliomba usaha utoke. Nilimwomba Mungu atoe kitu ambacho mimi nilijua hakipo.

Molasi niliipunguza. Nilimpa kikombe kimoja. Kikombe kimoja hakiui, nikajiambia, na nilipoyasikia maneno hayo kinywani mwangu nilijua ni ya nani. Siku ya kumi alirudi kutoka barabarani anatetemeka mwili mzima, jasho limemtoka kwenye baridi, akanitazama. Nikamrudishia kikombe cha pili.

Jumatatu ya wiki ya tatu nilimkuta amelala na hataki kuinuka.

*

Walikuja wote wawili, daktari na fundi. Siku hiyo Runji hakuwapo. Alikuwa amepeleka maziwa. Daktari Carol alipima joto, akasikiliza moyo, akabonyeza juu ya ukwato mahali nywele zinapoanzia. Pale kidole chake kilizama kidogo. Akatoka nje, akasimama ametupa mgongo.

"Mfupa umeanza kushuka," akasema aliporudi. "Mama, nilikuahidi nitamponya. Sikupaswa kuahidi. Nitakuja Alhamisi na sindano ya kumpumzisha. Hatasikia kitu. Si haki kumwacha hivi."

Kiogora alikaa chini kwenye majani, akaulaza mguu wa Sajini kwenye paja lake, akaanza kuusugua ukwato kwa kitambaa kibichi hadi tope lote likatoka. Kisha akapitisha kidole gumba kutoka juu kwenda chini, taratibu.

"Mama, sogea hapa."

Nikainama. Kwenye ukuta wa ukwato kulikuwa na mistari iliyouzunguka kama pete, mingine myembamba, mingine mikubwa, ikiachana kuelekea kisiginoni.

"Ukwato ni kama ukucha," akasema. "Unaota kutoka juu, unashuka. Unachukua karibu mwaka mzima kufika chini. Kila mwili unaposumbuliwa, unaacha mstari. Siku ile kulikuwa na tope, nami macho yangu si ya zamani, nikaamini nilichoambiwa." Akaweka kidole karibu kabisa na ncha. "Chini hapa ni laini. Hapa mnyama alikuwa mzima. Halafu kutoka hapa kwenda juu ni pete juu ya pete, hazijapumzika. Ni kama miezi kumi." Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu aje. "Miezi kumi iliyopita kulitokea nini katika boma hili?"

Ndambiri nilikuwa nimemzika miezi kumi na moja iliyopita.

Niliitazama ile mistari. Nilikuwa nimeupita mwaka ule nikidhani haujaonekana na mtu. Nilikuwa nimeosha ndoo kila asubuhi, nimefagia kanisa, nimeitikia salamu. Na kumbe kila asubuhi yangu ilikuwa imekaa pale, imeandikwa kwenye mguu wa mnyama, hata mzee kutoka Timau asiyenijua aliweza kuigusa kwa kidole.

"Ni molasi," nikasema. "Na unga wa ng'ombe. Vikombe viwili. Kila siku."

Daktari Carol akanigeukia. "Hata baada ya mimi kuuliza?"

"Hata baada ya wewe kuuliza."

"Nimekufanya umtembeze kwenye changarawe wiki mbili." Alisema polepole, kama anayehesabu. "Mfupa unaning'inia, na mimi nasema atembezwe. Ulikuwa unaniona nikisema hivyo, Mama Mukami. Wewe! Mtu mwingine ningemuuliza mara tatu, lakini wewe?"

Ningeweza kumweleza habari za kijiko na uji, lakini niliona ingekuwa ni kumwomba anionee huruma, na siku hiyo huruma ilikuwa ya Sajini.

"Daktari wangu," Kiogora akasema, "mgombeze, lakini usimmalize. Sisi tuna kazi hapa." Akanigeukia. "Mama, si kwamba hakuna njia. Ipo, ila inachosha kuliko kifo. Molasi iishe leo, unga uishe leo. Nepia hii changa hapana. Nyasi kavu tu, uziloweke maji saa nzima, uyamwage maji, ndipo umpe. Miguu nitaifunga vipande vya godoro akanyage laini, na asitolewe hapa. Kila wiki ya nne nitakuja kuipunguza ncha. Ukwato laini ukianza kuota tena huku juu, utachukua mwaka kufika chini. Na anaweza kukata tamaa katikati."

"Na atalia," Daktari Carol akaongeza. Hasira ilikuwa bado imo, lakini alikuwa ameshapiga magoti tena. "Amezoea. Kila asubuhi atakuomba. Ukimpa hata mara moja tumerudi hapa hapa. Fikiria mpaka Alhamisi. Sindano si dhambi, mama. Wakati mwingine ndiyo huruma iliyobaki."

*

Nilifikiri. Jumanne Runji alikuja, akavua kofia, hakuuliza habari za lita. Alisema ningefanya vema kumpumzisha, na kwamba yeye na wanawe wangechimba shimo. Nikampa pipa la molasi awapelekee ng'ombe wake. Alilibingirisha hadi nje, akachungulia ndani, akaona molasi imebaki chini kabisa. Aliniangalia, akalifunika, akaenda nalo. Hilo pia nitalikuta kanisani Jumapili, nikafikiri, na sikujali sana.

Jumatano Mukami alipiga simu kutoka Majimbo, mjini, anakoishi. Alikuwa ameshasikia.

"Mama, mruhusu daktari," akasema. "Ulimuuguza baba miaka sita. Mwaka mwingine wa nini? Upumzike na wewe."

"Nitaona."

"Hujawahi kuona, mama. Unasema nitaona halafu unaenda kuchota maji."

Tukacheka kidogo wote wawili, kisha akalia, kisha salio likaisha.

Ukweli ni kwamba sikuogopa kazi. Nyasi ningeloweka. Miguu ningeifunga. Niliogopa saa ile ya alfajiri, yale macho, na lile neno hapana. Nilikuwa nimelitumia kwa mume wangu hadi likanikauka mdomoni, na halikumwokoa. Kuanza kulisema tena, kwa mwingine, kila siku kwa mwaka mzima, bila kujua kama litafaa kitu, niliona kama kuitwa kusimama nilipokuwa ndiyo kwanza nimeketi. Sindano ingemaliza maumivu yake. Ingemaliza na yangu pia, na hapo ndipo nilipokuwa siiamini huruma yangu.

Alhamisi niliingia bandani kabla hakujapambazuka vizuri, saa ile niliyoikwepa Jumanne na Jumatano. Sajini alikuwa amelala kwa ubavu, miguu ya mbele imefungwa vile vipande vya godoro alivyoviacha Kiogora Jumatatu na kamba za mpira, mikubwa, ya kuchekesha. Aliposikia nyayo zangu aliinua kichwa na kutoa ule mkoromo mdogo wa koo, aliokuwa akiutoa kila asubuhi kwa miezi kumi. Nilitua karai la nyasi mbele yake. Alinusa, akalisukuma kwa pua. Akanusa mikono yangu, mmoja baada ya mwingine, viganja na mgongo, akarudia. Kisha akaniangalia.

"Hakuna," nikasema.

Akakoroma tena.

"Hakuna, Sajini. Ipo dukani na mlango wa duka naujua, lakini hakuna." Nikakaa chini kwenye majani, magoti yakalia. "Nimechoka. Sikumwambia hivyo yule mwingine hata siku moja. Nilimwambia ni daktari amekataa, ni Mungu hapendi, ni kesho. Nilipaswa kumwambia ni mimi, na kwamba nimechoka, na kwamba nami nilitaka anywe."

Alilaza kichwa kwenye majani kwa muda mrefu. Nje jogoo wa Runji aliwika, wengine wakamjibu hadi chini mtoni. Nilianza sala ya asubuhi nikaikatiza katikati, kwa sababu niligundua ninasema maneno tu. Nikatia vidole nyuma ya kifundo chake. Mpigo ulikuwapo. Sikuweza kujua kama ulikuwa umepungua au mimi ndiye nilitaka uwe umepungua.

Kisha nikasikia nyasi zikivutwa. Alikuwa amenyoosha shingo hadi kwenye karai, bila kuinuka, akachukua fungu dogo, maji yakimdondoka kidevuni. Alitafuna kwa uchungu wa mtu aliyelazimishwa, akaacha, akatafuna tena. Hakunitazama. Alikuwa ameninunia, na alikuwa anakula.

Pikipiki ilisikika ikipanda mteremko. Nilijishika nguzo nikainuka, nikatoka hadi langoni. Daktari Carol alikuwa amebeba masanduku mawili nyuma, moja jeupe na jingine la chuma lenye kufuli. Alizima injini. Alionekana kama mtu ambaye naye hakulala.

"Hilo la kufuli liache hapo kwenye pikipiki," nikamwambia. "Njoo na dawa ya maumivu tu."

Alinitazama usoni, akipima, kama ambavyo sasa ana haki ya kunipima.

"Umempa?"

"Sikumpa."

"Amekula hizo nyasi?"

"Kidogo. Amekasirika."

Akalifungua lile sanduku jeupe, akatafuta chupa, akaishika kwenye mwanga kuona kama inatosha. Kisha, akiwa bado anaitazama chupa, akauliza, "Na wewe, mama? Umekula?"

Nilisimama pale, mkono juu ya komeo la lango, nikijaribu kukumbuka.